Nyumba ya Wazee Wetu Ifanane na Pangani

(Maneno ya Mweka Hazina wa chama kwenye harambee ya mwaka, Dar es Salaam)

 

Mmezoea kuniona hapa nikisoma mapato na matumizi. Leo nitaanza na matumizi madogo, tena ya kwangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilituma pesa nyumbani, na kwenye daftari langu nikaandika "matunzo ya mama mkubwa". Nilipokwenda kula Idi nilikuta sehemu ya pesa ile imenunua kufuli. Lilikuwa la mlango wa chumba chake, nalo lilifungwa kwa nje.

Mama mkubwa alikuwa akiamka alfajiri, anajifunga kanga, anachukua kapu lake na kushika njia ya kivukoni. Alisema amechelewa shamba, Bweni. Shamba lenyewe lilikwisha kuuzwa zamani. Mara mbili wavuvi walimrudisha nyumbani. Binamu zangu, ambao ndio waliomwogesha na kumlisha kila siku, waliogopa mto. Siwalaumu hata kidogo. Wao walikuwa wamechoka, mimi nilikuwa Dar. Kufuli lile nililinunua mimi.

Ndugu zangu, maradhi haya madaktari wanayaita demensia, na aina inayoongoza ni ile ya Alzheimer. Si wazimu, si mashetani, wala si uchawi. Ni ugonjwa wa ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nao, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dawa ya kuuponya bado haijapatikana. Lakini mgonjwa akae kwa amani au kwa hofu, hilo linategemea sana mahali alipo na watu walio naye.

Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kwa ugonjwa huu, ujana ndio unaorudi. Mambo ya jana yanafutika kwanza, ya zamani yanabaki. Ndiyo maana mzee anaamka usiku kutafuta kipande chake, ile kadi ya siku 30 za kazi ya mkonge, kwa sababu anamwogopa mnyapara aliyekwisha kufa. Kwa hiyo tunapojenga nyumba ya wazee hawa, hatuwajengei Pangani ya leo. Tunawajengea Pangani wanayoikumbuka.

Mchoro wa kwanza ulioletwa kwenye kamati ulikuwa wa ghorofa moja, korido ndefu, vyumba kushoto na kulia, milango yote ya rangi moja. Ni jengo zuri kwa ofisi. Mzee aliyepoteza kumbukumbu akifika mwisho wa korido anakuta ukuta, anababaika, anaanza kulia. Nashukuru kamati ilikubali kuuweka kando.

Tunachopendekeza sasa tunakijua sote tangu utotoni. Mbele baraza, katikati ukumbi, nyuma uani. Nyumba mbili za chini, kila moja ya wazee sita, zote zikizunguka uani mmoja. Njia ya uani iwe ya duara, ili anayependa kutembea atembee na kurudi alipoanzia bila kukutana na mlango uliofungwa. Kila mlango wa chumba uwe na alama yake: mtumbwi, kinu, cherehani, jembe. Asiyeweza tena kusoma jina lake atakijua kinu chake. Choo kionekane mtu akiwa kitandani. Sakafu iwe ya rangi moja, bila mapambo meusi, kwa maana mzee mwenye ugonjwa huu huweza kuona doa jeusi akadhani ni shimo. Jiko liwe uani, karibu, wapate harufu ya samaki na nazi. Anayeweza kukaa kwenye mbuzi akune nazi, akune. Kazi ya mikono mara nyingi hukaa kichwani hata majina ya watoto yanapopotea.

Sikulitunga jambo hili. Uholanzi, katika mji wa Weesp, kuna kijiji kiitwacho Hogeweyk kilichofunguliwa mwaka 2009 kwa ajili ya watu wa aina hii. Wanaishi katika nyumba ndogo ndogo, na humo kijijini kuna duka, mkahawa na bustani. Wenzetu ilibidi wajenge mtaa mzima. Sisi mto tunao, na kivuko tunacho cha kweli kinachokwenda na kurudi. Kiwanja kiwe mahali pa kukiona, juu kidogo, na kati yake na maji kuwe na wigo wa michongoma.

Maana kule nyumbani dawa ya mama mkubwa haikuwa kufuli. Binamu yangu mmoja alianza kufuatana naye. Wanakwenda wote kivukoni, wanakaa, wanatazama kivuko kikienda Bweni na kurudi. Hambishii kuhusu shamba. Baada ya muda mama mkubwa mwenyewe anasema, "Jua limekuwa kali, turudi." Hivyo ndivyo walivyoishi mpaka Mungu alipomchukua.

Kuhusu historia, nina maneno mawili. La kwanza: tusiibandike yote ukutani. Kila mtoto wa Pangani anajua kwamba Bushiri bin Salim alinyongwa hapa kwetu na Wajerumani, Desemba 1889, na kwamba watu waliuzwa katika mji huu. Hayo yafundishwe shuleni na yawekwe kwenye makumbusho. Mzee anayeamka na hofu usiku asikute mnyororo na kitanzi mbele ya kitanda chake.

La pili: Pangani si ya wenye milango ya nakshi peke yao. Mashamba ya mkonge yaliletewa manamba kutoka mbali, wakiwemo Wamakonde, Wanyamwezi na Waha. Wengi walizeekea kwetu. Ugonjwa ukizidi, mtu huweza kuachwa na Kiswahili akarudi kwenye lugha ya mama yake. Tukiajiri wahudumu, tutafute na wanaojua lugha hizo. Mzee asife akiwa anaomba maji na hakuna anayemwelewa.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu. Jengo hujengwa mara moja, mshahara hulipwa kila mwezi. Kwa wazee 12 tukiweka wahudumu watatu asubuhi, watatu jioni na wawili usiku, hizo ni zamu 56 kwa wiki. Mtu akifanya zamu sita, tunahitaji watu kumi. Tukiwalipa shilingi 300,000 kila mmoja, ni milioni 3 kwa mwezi, na 300,000 ya NSSF. Tukipata wanachama 500 wa kutoa shilingi 10,000 kila mwezi, tuna milioni 5. Inabaki milioni 1 na laki 7, yaani shilingi 4,700 na kitu kwa mzee mmoja kwa siku: chakula, sabuni, umeme, dawa. Inatosha kwa shida, na wanachama 400 hawatoshi. Nisingependa tukate utepe mwaka huu, halafu mwaka wa pili turudi kwenye makufuli.

Kwa hiyo naomba tuanze na baraza, uani na jiko, tuwapokee wazee mchana tu, jioni warudi kwao. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia kuwa msingi wa matunzo, nasi hatuji kuipokonya familia mzee wake. Tunakuja kumpa binamu yangu siku ya kufua nguo zake na kulala usingizi. Vyumba vya kulala vifuate ahadi za kila mwezi zikishatimia mwaka mzima.

Fomu ziko kwa Katibu. Anayetaka kutoa milioni leo, tunamshukuru na tunampigia makofi. Lakini mimi mweka hazina nitafurahi zaidi na wa elfu kumi asiyekosa mwezi. Wazee wale ndio waliotuvusha mto tukiwa wadogo, wametushika mkono. Na sisi tulio hapa, umri hautusubiri.