Usingoje Maumivu Yabishe Hodi

Msikilizaji, ukiambiwa mfuko wako wa nyongo utatolewa kupitia matundu madogo manne, bila kupasuliwa tumbo, unashusha pumzi. Ndugu nao wanakuambia hiyo ni kazi ndogo. Kisha unazinduka, na kinachokuuma ni bega! Nani amegusa bega?

Hakuna. Ili mpasuaji apate nafasi ya kuona, tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksidi mpaka likatutumka. Hewa hiyo huusumbua msuli unaotenganisha tumbo na kifua. Neva ya msuli huo huanzia shingoni, jirani kabisa na neva za bega, hivyo ubongo hudhani bega ndilo limeumia. Matundu ni madogo, ila maumivu hayapimwi kwa rula.

Wengi wetu tumezoea kuvumilia kwanza, tukishindwa ndipo tumwite muuguzi. Hapo tumeshachelewa. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha kwa panya kwamba jeraha huufanya uti wa mgongo uwe mwepesi mno wa kuhisi, na hali hiyo huendelea hata baada ya jeraha kufanyika. Ndipo likapata nguvu wazo la kutanguliza dawa kabla ya kisu.

Tuwe wakweli: majaribio mengi hayakuonyesha kwamba dawa ya kabla ya kukatwa huishinda sana ile inayotolewa upasuaji ukiendelea. La msingi ni dawa iwe mwilini kabla hujazinduka. Parasetamoli pamoja na dawa ya jamii ya ibuprofeni, kisha ganzi kwenye matundu yenyewe: huo ndio msingi, na si wa gharama kubwa. Wapo wanaoongeza dawa iitwayo gabapentini. Mimi siishabikii itolewe kwa kila mtu, kwa sababu hulewesha na inaweza kudhoofisha upumuaji, hasa ikikutana na dawa za jamii ya mofini.

Lakini usijimezee vidonge nyumbani kwa kuwa umenisikia redioni. Mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu au pumu anaweza kudhurika na ibuprofeni au diklofenaki. Mweleze daktari wa usingizi hali yako yote, kisha umuulize bila haya: "Mtanipa nini cha maumivu kabla sijazinduka?" Asipokuwa na jibu, muulize tena kabla hujasaini fomu.