Rafiki Asiyeonekana



Huku kwetu Busawe, mtu mzima akionekana akizungumza peke yake machungani, ni rahisi kusema: amerogwa. Tusihukumu upesi. Mwaka 2002 Eli Somer, mwanasaikolojia wa Israeli, aliandika juu ya watu wazima wanaozama saa nyingi katika ndoto za mchana, pamoja na wenzi waliowabuni wenyewe. Wanajua kwamba wenzi hao si wa kweli; wamekimbilia kwao kwa sababu ya upweke na majeraha ya zamani.

Kuwaza si dhambi. Hasara huja pale rafiki wa mawazoni anapokula saa za mke, watoto na shamba. Nabii Eliya alipojiona amebaki peke yake, Mungu hakumwacha pangoni. Alimtuma kwa Elisha, mtu aliye hai, aliyekuwa akilima kwa jozi 12 za ng'ombe.

Basi, ndugu, usimcheke jirani huyo. Nenda ukae naye. Akisikia sauti zinazomwamuru, msindikize hospitali. Huenda alimbuni rafiki kwa sababu sisi hatukubisha hodi.