Niliyojifunza Nikiwa Mwalimu Mwanafunzi
Maneno ya mwalimu mmoja kwa wazazi na walimu wa Dzaleka, Siku ya Wakimbizi Duniani



Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi ya kusema machache siku hii ya tarehe 20 Juni. Nimeombwa nieleze jinsi mwalimu anavyojifunza kukabiliana na matatizo ya darasani. Mambo ya vitabuni nitayaacha. Nitawasimulia makosa yangu mawili, kwa sababu la pili lilimwumiza mtoto wa humu kambini.

Kwanza tukumbuke hali ya shule zetu. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 hapa Dowa, mahali palipokuwa gereza la kisiasa wakati wa Kamuzu Banda. Mwaka huo huo serikali mpya ya Bakili Muluzi iliondoa ada katika shule za msingi za Malawi. Wanafunzi waliokuwa milioni 1.9 wakafika karibu milioni 3 kwa mkupuo mmoja, na walimu wengi wakaajiriwa kabla ya kusomea ualimu. Kambi nayo ilipangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tumepita 50,000. Kwa hiyo mwalimu wa kijijini na mwalimu wa kambini shida yao ni moja: watoto ni wengi kuliko madawati.

Mimi nilisomea ualimu Lilongwe. Chuoni tulifundishwa kuandika andalio la somo, kutengeneza zana za kufundishia na kuwagawa watoto katika vikundi. Yote ni mema. Mwaka 2016 tukapelekwa mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha, nami nikapewa darasa la tatu katika shule moja pembezoni mwa mji. Watoto walizidi 100, wengi wamekaa sakafuni.

Chichewa changu kilikuwa cha kuokoteza sokoni. Sisi Waswahili lugha hii hutudanganya, maana nyumba ni nyumba na moto ni moto. Siku moja, kipindi cha mwisho, nikaona watoto wanasinzia. Nikataka kuwauliza kama wamechoka, nikasema kwa kujiamini: "Mwachoka?" Kumbe kwa Chichewa kuchoka ni kuondoka, kuchoka kwetu wao huita kutopa. Mvulana mmoja wa nyuma akasimama, akajibu kwa adabu: "Ayi, aphunzitsi, tili pano." Yaani, hapana mwalimu, tupo hapa. Darasa zima likaangua kicheko.

Ndugu zangu, mimi sikucheka. Nilikuwa mgeni na mkimbizi, nimefunga tai, na mkaguzi wa chuo alitarajiwa wiki hiyo. Nikaona nimedharauliwa. Nikamtoa yule mtoto nje, akasimama juani mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja.

Mwalimu mlezi wangu, mama mtu mzima, akaniita kando. Hakunigombeza. Aliniuliza: "Ulimwuliza swali?" Nikasema ndiyo. "Alikujibu?" Ndiyo. "Jibu lilikuwa sahihi?" Nikanyamaza. "Sasa ulimwadhibu kwa kosa gani?"

Jioni ile nilikwenda kwao, nikaomba radhi mbele ya bibi yake. Mtoto akarudi. Asubuhi yake niliandika neno kutopa ubaoni, nikawaomba watoto wanisahihishe matamshi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi mtoto mmoja alinipa neno moja la Chichewa, nikaliandika, tukalisoma wote, ndipo somo likaanza. Kelele hazikwisha, maana watoto 100 ni watoto 100. Lakini walipocheka, niliuliza kwanza wanacheka nini. Kwa Chichewa kuuliza ni kufunsa, na sikio letu husikia kama kufunza. Nilijiambia sitayatenganisha tena hayo mawili.

Mtadhani nilikuwa nimekwisha kujifunza. Bado.

Nilirudi kufundisha kambini. Akaja msichana wa miaka 13 kutoka Kivu. Kwao alikuwa amefika darasa la sita kwa Kifaransa. Hapa, kwa kukosa Kiingereza, akawekwa darasa la nne pamoja na watoto wadogo. Tukawa katika hesabu za kugawanya. Kongo kigawanyo huandikwa kulia, na jibu chini yake. Hapa huandikwa kushoto, na jibu juu. Mimi mwenyewe nilijifunza hivyo hivyo utotoni huko Kivu, lakini jicho langu lilikuwa limekwisha zoea ya hapa. Nikiwa na rundo la madaftari mezani, nikaona umbo nisilolitarajia, nikapiga alama ya kosa toka juu hadi chini. Nilifanya hivyo wiki tatu. Hakulalamika. Nilikuwa nimekataza Kiswahili darasani ili wazoee Kiingereza. Angelalamika kwa lugha gani?

Usiku mmoja nikasahihisha polepole. Nikaona 156 kugawanya kwa 12, jibu 13. Sahihi. Nikarudi kurasa za nyuma: karibu zote sahihi. Kulipokucha niliwahi shuleni na daftari lile mkononi. Hakuja. Mama yake aliniambia mtoto amesema kwamba akili yake imebaki Kongo. Nilimpelekea daftari nililolisahihisha upya, akalipokea kwa mikono miwili, lakini shule hakurudi. Siku hizi anauza mandazi njia ya sokoni. Nikipita hunisalimu kwa heshima, "Jambo, mwalimu," nami hununua, na mara nyingi sina la kusema.

Ndiyo maana naleta maombi matatu.

Wazazi, mnapomwandikisha mtoto, semeni alifika darasa gani na kwa lugha gani. Kama daftari la zamani lipo, hata limelowa, lileteni.

Ndugu Mwenyekiti, Kamati itafute wazee wanaojua Kifaransa, Kirundi na Kinyarwanda wakae na walimu siku za kuandikisha, ili mtoto asipimwe kwa Kiingereza peke yake.

Walimu wenzangu, na hasa ninyi vijana mnaojitayarisha kwenda mazoezini: kabla ya kuweka alama ya kosa, mwulizeni mtoto amefikaje kwenye jibu lake, na mwacheni aeleze kwa lugha anayoiweza. Mtoto akichekesha darasa, angalieni kwanza kama hakusema kweli. Najua madaftari ni mengi na taa hazitoshi. Lakini lile moja nililolipitia haraka lilimtoa mtoto shuleni.