George Q. Cannon na Mwalimu Wake

Nimekuja kuwasimulia habari za George Q. Cannon, aliyezaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1827. Wazazi wake waliingia dini ya Wamormoni, na mwaka 1842 wakasafiri kwenda Marekani. Mama yake alifia baharini. Kijana alifundishwa kazi ya kupiga chapa, na mwaka 1847 alivuka nyika pamoja na Wamormoni wenziwe hata bonde la Ziwa la Chumvi, katika nchi ya Utah.

Wazee wa dini walimpeleka California kuchimba dhahabu, kazi asiyoipenda. Mwaka 1850 wakamtuma Hawaii pamoja na wenzake tisa. Walipofika waliona Wazungu wa kuhubiriwa ni wachache, tena hawasikilizi. Baadhi ya wenzake walirudi. Cannon alikata shauri kubaki na kujifunza lugha ya wenyeji.

Katika kisiwa cha Maui alikutana na Jonathan Napela, mwenyeji, mtu aliyesoma, naye alikuwa hakimu. Cannon alipofasiri Kitabu cha Mormoni, alimsomea Napela fungu alilokwisha kulifasiri, kisha akamwomba amweleze jinsi alivyolifahamu. Palipokuwa na neno la kutatanisha, Cannon alilitengeneza. Nami, niliye mwalimu, naona haya kidogo hapa. Mara ngapi tumewauliza wanafunzi, "Mmefahamu?" wakaitikia, "Ndiyo, Mwalimu," nasi tukapita!

Kazi ilikwisha mwaka 1853, na kitabu kikapigwa chapa San Francisco mwaka 1855, Cannon mwenyewe akisimamia.

Tangu mwaka 1873 aliwasemea watu wa Utah katika baraza la kutunga sheria huko Washington, lakini bila haki ya kupiga kura, kwa kuwa Utah ilikuwa haijawa jimbo. Alikuwa na wake wengi, kama dini yake ilivyoruhusu wakati ule. Sheria ya mwaka 1882 ikamtoa barazani, na mwaka 1888 akafungwa gerezani miezi mitano hivi. Mwaka 1890 wakuu wa kanisa lake walitangaza kuziacha ndoa hizo.

Desemba 1900, kabla ya kufa kwake mwaka 1901, alirudi Hawaii kuadhimisha miaka 50 tangu alipofika mara ya kwanza. Napela hakuwako kumlaki. Mkewe Napela alikuwa amepata ukoma, naye mume akamfuata Kalaupapa, walikotengwa wagonjwa, akafa huko mwaka 1879.