Pamba Safi, Mizani ya Haki

Ndugu wakulima wa Mbulu na Hanang, leo tuzungumze juu ya pamba, tangu mbegu mpaka mizani.

Kwanza tuseme ukweli. Pamba haipendi baridi. Ndugu yangu uliye juu milimani Mbulu, au kwenye miteremko ya Mlima Hanang, endelea na ngano, maharage na vitunguu saumu vyako. Maneno haya ni ya wenzetu wa huku chini kwenye joto, na wa upande wa kuelekea Singida.

Pamba ni zao la kuwahi. Tayarisha shamba mapema, na mvua ikishakolea panda. Usiseme, "Ngoja nimalize kupalilia mahindi kwanza." Pamba iliyochelewa hukutwa na ukame ikiwa bado inaweka vitumba. Zamani tulizoea nafasi ya sentimita 90 kwa 40. Sasa Bodi ya Pamba inafundisha sentimita 60 kwa 30. Miche ikishika, punguza ubakize miwili kila shimo. Najua inauma kung'oa mche mzima, lakini miche mitano katika shimo moja ni njaa ya wote.

Kagua shamba kila wiki. Funua majani, tazama vitumba. Ukiona funza, mwite bwana shamba mapema, naye atakwambia dawa gani na kiasi gani. Kupulizia ovyo ni kutupa fedha.

Sasa tufike kwenye mavuno, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Chuma umande ukishakauka. Nenda na vyombo viwili: kimoja cha pamba safi, nyeupe, isiyo na majani, cha pili cha pamba fifi, ile yenye madoa au iliyoliwa na wadudu. Usizichanganye, maana fifi kidogo hushusha daraja la mzigo mzima. Wala usitumie viroba vya nailoni. Nyuzi zake huingia kwenye pamba, na kiwandani hazitoki.

Kuna jambo jingine, nalo tuliseme bila kuoneana haya. Wako wenzetu wanaotia maji, mchanga au chumvi ili pamba ipate uzito. Ukiwauliza wanajibu, "Mizani ya mnunuzi nayo inatuibia." Haya, mwizi amekutana na mwizi, nani amepata? Pamba yenye maji huchemka ghalani, nyuzi zikageuka rangi na mbegu zikaoza. Mchanga huharibu mashine. Jiwe likigonga chuma hutoa cheche, ghala likaungua. Kilo 3 za pamba yako hutoa kama kilo 1 tu ya nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zinazouzwa ng'ambo. Zikichafuka, bei hushuka kwa wote, hata kwa yule aliyechambua kwa uaminifu.

Dawa ya mizani mibovu si mchanga. Dawa yake ni macho. Tangu mwaka 2018 pamba imekuwa ikinunuliwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS. Chama hicho ni chako. Hudhuria mkutano, chagua viongozi waaminifu, hakikisha mizani ina muhuri wa wakala wa vipimo. Kabla ya kupima, mizani isome sifuri. Soma kilo mwenyewe, kisha udai stakabadhi.

Stakabadhi usiitupe. Mwaka 2019 bei dira ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, na wakulima wengi nchini wakangoja malipo yao kwa miezi. Siku kama hizo, karatasi ile ndogo ndiyo shahidi wako.

Mwisho, ukimaliza kuchuma, ng'oa masalia yote uyachome moto. Yakibaki shambani, funza hulala humo wakingoja pamba ya mwakani.