Pikipiki Kuukuu Iyumbayo Penye Kona

Maongezi yetu ya leo ni juu ya ugonjwa mmoja wa pikipiki kuukuu. Katika njia iliyonyoka yaenda vema kabisa, lakini ikiinama penye kona, sehemu yake ya nyuma hupepesuka kana kwamba gurudumu lina nia yake lenyewe.

Ugonjwa huu tuliujua kwa kuumia. Mwenzetu mmoja, mwalimu kama sisi, alikuwa akishuka kutoka mjini Iringa kwenda Ipogolo kwa pikipiki ya zamani tuliyoitumia sote kuwaendea wanafunzi walio katika mazoezi ya kufundisha. Penye kona nyuma ikayumba mara mbili tatu. Akaachia mafuta ghafula, akakanyaga breki, akaanguka na kuvunjika mtulinga. Sisi tulisema kwamba hajui kuendesha, tena tulisema mbele yake. Kisha tukachanga fedha kwa taabu, tukanunua tairi jipya la nyuma. Pikipiki ikayumba vile vile.

Kosa letu lilikuwa kununua kabla ya kupima. Yapasa kuanza na mambo yasiyo na gharama, na la kwanza ni upepo. Tairi lililopungukiwa na upepo hupinda ubavuni pikipiki iinamapo. Pikipiki ndogo nyingi hutaka karibu ratili 30 kwa inchi ya mraba katika tairi la nyuma, na zaidi kidogo akiwapo abiria. Lakini kitabu cha kiwanda ndicho chenye neno la mwisho. Litazame na umbo la tairi. Lililokwenda sana njia nyofu, kama ile ya Usangu baina ya Igawa na Chimala, hulika katikati likawa bapa. Siku lipandapo milima ya njia ya Chunya, kila kona hulilazimisha kuupanda ukingo wa ubapa ule na kushuka upande wa pili kwa mshtuko. Kisha gonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Iliyokazwa hulia kwa sauti kali, iliyolegea hutoa sauti nzito.

Haya yote yakiwa mazima, ndipo tufike penye mkono wa nyuma, yaani ule uma wa chuma ulishikao gurudumu la nyuma, uliofungwa kwenye fremu kwa bolti moja ndefu ili upande na kushuka pamoja na springi. Pikipiki nyingi za kabla ya vita vya 1939 hazikuwa nao. Nyuma yake ilikuwa fremu tupu isiyochezacheza, na mpanda aliyahesabu mawe yote kwa mgongo wake. Mwaka 1950 Norton ya Uingereza ilileta katika mashindano fremu yake iliyoitwa Featherbed, yenye mkono wa namna hii, na baada ya miaka michache viwanda vingi vilifuata njia hiyo. Raha ikaja na ugonjwa wake. Bolti ile huzunguka ndani ya bushi mbili, na bushi zikikosa grisi na kuingiwa na vumbi, hulika.

Walakini ulaji huo hauonekani kwa macho. Mkono una urefu wa karibu nusu meta, na bushi zake zimeachana kama shibiri moja. Basi nafasi ya milimita moja penye bushi huwa milimita mbili au zaidi penye gurudumu. Katika njia nyofu hapana kitu kiusukumacho mkono ubavuni. Penye kona tairi lausukuma kwa nguvu, gurudumu la nyuma huacha kulifuata la mbele, na mpanda akiachia mafuta ghafula, uzito wahamia mbele na mvuto wa mnyororo walegea, mkono ukarukia upande wa pili. Hivyo ndivyo alivyoyumba mwenzetu. Yakikupata, usikamate breki kwa nguvu wala usishindane na usukani; punguza mafuta pole pole mpaka itulie.

Kuupima ni kazi ya watu wawili na dakika tano. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma likiwa juu. Mmoja aishike fremu imara. Wa pili alishike gurudumu lenyewe, mkono mmoja juu na mmoja chini, alisukume na kulivuta ubavuni. Likicheza peke yake, na uma umetulia, kosa ni la beringi za gurudumu. Kisha aushike uma mwishoni, karibu na ekseli, afanye vivyo hivyo, na mwenziwe aweke kidole penye kiungo cha uma na fremu. Kidole kikisikia mcheko wowote, bushi zimekwisha.

Msisahau kupima kwa uzi kama magurudumu mawili yamefuatana sawa, kwani mnyororo ukazwapo ekseli huweza kukaa upande. Na gunia la viazi vya Uporoto lililofungwa nyuma ya ekseli huliinua gurudumu la mbele kiasi cha kuiyumbisha hata pikipiki mpya. Hapo hapana haja ya fundi.

Bushi zetu zilichongwa upya kwa shaba nyeusi na fundi mmoja wa Mbeya mwenye mashine ya kukereza. Gharama yake haikufika nusu ya bei ya lile tairi. Tulipomwendea mwenzetu nyumbani, mkono wake ungali umefungwa kitambaa shingoni, tukampa bushi moja ya kale. Akatia kidole ndani, akaizungusha, akauliza kama ya upande wa pili nayo imelika hivi. Tukamjibu ndiyo, kisha tukamwomba radhi.