AMRI YA KUZUIA KWA MUDA: KWA NINI IOMBWE MAPEMA
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la mawakili peke yao: amri ya mahakama ya kuzuia kazi kwa muda, pale Serikali inapojenga bandari, barabara au mtambo, na wenyeji wakalalamika kwamba ardhi na bahari yao zinaharibiwa. Mimi ni mtu wa mizani na magunia, basi nitalieleza kwa lugha ya dukani.

Washirika wawili wakigombania ghala la mchele, kadhi hawezi kujua siku ile ile mwenye haki ni nani. Lakini aweza kusema: funguo zikae kwangu mpaka nisikilize mashahidi. Hajampa huyu wala hajamnyima yule. Asipofanya hivyo, mmoja atauza usiku, na hukumu itakapotoka itakuwa juu ya ghala tupu. Hiyo ndiyo maana ya zuio.

Tuwatazame jamaa zetu wa Amu, huko Kenya, kwani kwao yamepita mambo mawili, na miisho yake ni mbalimbali.

La kwanza ni bandari. Kazi yake ilizinduliwa tarehe 2 Machi 2012, na mwaka huo huo wenyeji wakafungua shauri. Shauri likaenda mwendo wa kobe. Kazi nayo haikungoja. Bahari ya Manda ikachimbwa, mikoko ikakatwa, matumbawe yakaharibika. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba haki za wenyeji zilivunjwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mimi nimezoea kugawanya hesabu: ni kama shilingi 380,000 kwa kila mmoja. Aliyerithi mwamba wa kuvulia kwa babu yake, atanunua wapi mwamba mwingine? Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021.

La pili ni mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, uliokusudiwa kujengwa Kwasasi. Leseni ya mazingira ilitolewa Septemba 2016. Novemba wenyeji, wakiongozwa na jumuiya ya Save Lamu, wakakata rufaa mbele ya baraza la taifa la rufaa za mazingira. Sheria ya huko wakati ule ilisema kwamba rufaa ikishafunguliwa, hali ibaki kama ilivyo mpaka uamuzi utoke. Zuio likaja na rufaa yenyewe! Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mtambo haukujengwa, wala hapakuwa na haja ya kumhesabia mvuvi thamani ya bahari yake.

Pasipo sheria kama hiyo, zuio huombwa, na mwombaji hupimwa kwa mambo matatu. Mahakama za Kenya huyafuata tangu shauri la Giella la 1973, na za Tanzania zina shauri la Atilio la 1969. Je, dai lina msingi? Je, pasipo zuio itapatikana khasara isiyolipika kwa fedha? Na je, nani ataumia zaidi, anayezuiwa au anayenyimwa zuio? Hilo la pili ndilo letu khasa, maana tumbawe halina bei sokoni. Hilo la tatu ndilo la khatari, kwani mkandarasi akishatumia mamilioni, mizani humwelemea yeye. Kila siku ya kuchelewa twamwongezea mawe katika kitanga chake.

Serikali husema kwamba kuchelewesha kazi ni kuutia umma khasara. Si uwongo; mikopo ina riba na mitambo ina kodi. Lakini khasara hiyo huhesabika kwa kalamu.

Tujue pia kwamba Tanzania Bara, sheria ya mashauri dhidi ya Serikali hutaka notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki. Kwa siku 90 tingatinga humaliza kisiwa! Ndiyo maana mawakili wa huko huiomba Mahakama Kuu amri ya kushikilia hali mpaka muda wa notisi umalizike.

Kwa hiyo tusingoje vumbi. Siku tutakaposikia khabari ya mradi, tuitake tathmini ya athari za mazingira, tupige picha za pwani ilivyo, na wavuvi waandikishe viapo vyao. Wenzetu wa Amu walikuwa na siku 60 tu za kukata rufaa ile ya leseni. Katiba yao ya 2010, kifungu cha 70, humruhusu mtu yeyote kuomba zuio la namna hii bila ya kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amekwisha dhurika. Nakala ya kifungu hicho ipo dukani kwangu. Anayetaka kuinakili aje baada ya alasiri, na kalamu yake.